Zilizala na Mwanafunzi Aliye Ughaibuni

Kijana aliyelelewa Geita, Kakola au Mwadui huuzoea mtikisiko wa ardhi tangu utotoni, kwa kuwa baruti za migodini humtetemeshea mabati na vyombo vya kabatini. Lakini mtikisiko huo ni wa mara moja, ukisha umekwisha, na mazoea hayo, nahofia, yatamhadaa siku atakapokwenda kusoma Japani au Uturuki.

Geita na Shinyanga zimekaa juu ya mwamba wa kale mno, wenye umri upitao miaka bilioni 2.5, ambao kwa ugumu wake Bonde la Ufa halikuupasua katikati bali liliuzunguka kwa mikono miwili, mmoja magharibi na mmoja mashariki. Kwa hiyo zilizala kubwa huku ni nadra, ingawa si muhali kwa majirani: alasiri ya 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu zaidi ya kumi na kuziharibu shule za Ihungo na Nyakato hata zikafungwa.

Kule Uturuki, 6 Februari 2023, lile la 7.8 lilipiga alfajiri, watu wangali usingizini. Basi tahadhari ianzie kitandani: viatu na tochi viwe karibu, maana vigae vya vioo hukata nyayo gizani, na kabati zito lifungwe ukutani. Ardhi ikitikisika, ajitupe chini ya meza imara na kuushika mguu wa meza hiyo; akiwa kitandani, abaki papo hapo, afunike kichwa na shingo kwa mto. Asikimbilie ngazi wala lifti. (Katika nyumba ya udongo isiyo na ghorofa, mlango ukiwa karibu, kutoka upesi ni bora, ghorofani hukumu ni nyingine.)

Japani simu hulia kabla ya kishindo, kwa sababu wimbi la kwanza la tetemeko huenda mbio bila dhara kubwa, na lile livunjalo majengo hufuata nyuma. Mitambo hulinasa la kwanza na kuonya. Muhula huo, ambao mara nyingi ni sekunde chache tu, humtosha mtu kuingia chini ya meza, haumtoshi kushuka ngazi. Aliye pwani, mtikisiko ukidumu, apande mahali pa juu mara utuliapo kwa kuhofia tsunami, asingoje tangazo.

Baadaye simu huelemewa, lakini ujumbe mfupi hupenya kwa wepesi zaidi; kwa hiyo kabla ya safari wapatane nyumbani ni nani atakayeandikiwa kwanza, naye awapashe wengine habari.