Kuharakisha Ubadilishaji wa Gia katika Giaboksi Otomatiki

Zamani gari la otomatiki lilikuwa kitu adimu katika mkoa wa Mara. Malori, mabasi na Land Rover zilizopita katika barabara za Issenye, Nata na Mugumu zilikuwa na gia za mkono, na kila dereva alijua kazi ya klachi kwa mguu wake wa kushoto. Siku hizi mambo yamebadilika. Magari mengi madogo yaliyokwisha kutumika, yaingizwayo nchini kutoka Japani, ni ya otomatiki. Ndiyo yabebayo abiria siku za gulio, na ndiyo yakodiwayo usiku kumpeleka mgonjwa hospitali ya Mugumu.

Magari hayo yakizeeka hupatwa na ugonjwa mmoja unaofanana. Dereva hukanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gia ikachelewa kuingia. Wengine huambiwa wanunue vifaa vya kuharakisha gia. Je, vifaa hivyo hufanya kazi gani? Vyafaa au havifai? Ili kulijibu swali hili yatupasa kwanza kuelewa gia huingiaje mahali pasipo mkono wa dereva.

Mafuta yafanyayo kazi ya mkono

Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, kiitwacho tokikonveta. Ndani yake kuna mapanga kama ya feni. Mapanga ya upande wa injini huyarusha mafuta, nayo mafuta husukuma mapanga ya upande wa giaboksi. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1905, akikusudia utumike katika meli. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi yake ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic, na magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 yakauzwa nayo kwa wingi.

Nyuma ya tokikonveta zipo gia za sayari. Gia moja iko katikati na huitwa jua. Gia ndogo huizunguka, nazo huitwa sayari. Zote zimezungukwa na pete yenye meno upande wa ndani. Ukiizuia pete isizunguke, mwendo utokao ni mwingine kuliko ule utokao ukiizuia gia ya jua. Hivyo kubadili gia ni kuchagua kipi kishikwe na kipi kiachiliwe.

Wa kushika na kuachilia ni klachi nyembamba zilizopangwa kama sahani, zikisukumwa na pistoni ya mafuta. Hapa twakutana na kanuni ya Pascal isomwayo sekondari: nguvu ni shinikizo mara eneo. Tuseme pistoni ina eneo la sentimita za mraba 100, yaani mita ya mraba 0.01, na shinikizo la mafuta ni paskali 700,000. Nguvu ya kuzibana sahani ni nyutoni 7,000. Shinikizo likiongezwa kwa asilimia 20, nguvu hufika nyutoni 8,400.

Mafuta hayo huongozwa na bodi ya vali, nayo ni kipande cha chuma chenye njia nyingi, vali, springi na vitobo vidogo. Katika magari ya miaka ya karibuni vali hizo huamriwa na kompyuta kwa njia ya solenoidi, yaani sumaku za umeme.

Kwa nini viwanda huichelewesha gia?

Mtu aweza kushangaa kusikia kwamba sehemu ya ucheleweshaji huwekwa na kiwanda kwa makusudi. Vitobo vyembamba huyapitisha mafuta polepole. Vikombe vyenye pistoni na springi, viitwavyo akyumuleta, hupokea sehemu ya mafuta kwanza ili shinikizo lipande taratibu. Shabaha yake ni abiria asisikie kishindo.

Lakini ulaini huo una gharama yake. Muda ambao klachi inashika huku ikiteleza, msuguano huzaa joto. Hebu tufanye hesabu. Tuseme injini hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 200, na kabla gia haijashika, pande mbili za klachi zinapishana kwa radiani 150 kwa sekunde, kiasi cha mizunguko 1,430 kwa dakika. Tuseme pia kwamba injini ina uzito wa kuzunguka wa kilo-mita za mraba 0.2. Injini ni kama gurudumu zito, kwa hiyo klachi haina budi kuibeba nguvu yake ya kawaida na pia kuipunguzia mwendo.

Gia ikiingia kwa sekunde 0.8, klachi hubeba nyutoni-mita 237.5 na huteleza kwa radiani 60. Joto lizaliwalo ni jouli 14,250.

Ikiingia kwa sekunde 0.4, klachi hubeba nyutoni-mita 275, na joto ni jouli 8,250. Joto limepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na kishindo kimeongezeka kidogo tu.

Ikiingia kwa sekunde 0.1, joto hushuka hadi jouli 3,750. Lakini sasa klachi hubeba nyutoni-mita 500, mara mbili na nusu ya nguvu ya injini. Nguvu hiyo hupita ghafla katika meno ya gia, shafti na viungo vyake, kama pigo la nyundo.

Mwanafunzi na azirudie hesabu hizi mwenyewe. Zinaonyesha kwamba kuharakisha gia kwa kiasi huirefushia klachi maisha, bali kuharakisha kupita kiasi huhamishia maangamizi mahali pengine.

Vifaa vya kuongezea

Vifaa viuzwavyo na watengenezaji wasio kiwanda cha gari ni vya namna nne hivi.

Kwanza, vifaa vya bodi ya vali. Hivi ni springi ngumu zaidi za kuongeza shinikizo, bamba lenye vitobo vipana kidogo, na springi za akyumuleta. Vipo pia vali vya kuziba pale chuma kilipolika na kuvujisha shinikizo ndani kwa ndani.

Pili, sahani za klachi zenye kitambaa bora cha msuguano, au zilizoongezwa idadi.

Tatu, kurekebisha programu ya kompyuta ya gari. Kompyuta yaweza kupandisha shinikizo, na katika magari mengi hupunguza nguvu ya injini kwa kitambo kifupi sana wakati gia inapoingia. Hivyo gia huingia haraka bila pigo kubwa.

Nne, kipozeo cha mafuta cha ziada, kifungwacho mbele ya rejeta. Hiki hakiharakishi gia siku kinapofungwa, lakini ndicho kizuiacho gia isianze kuchelewa.

Ni lazima kutahadhari na jambo moja. Yapo magari yenye giaboksi ya mkanda wa chuma na puli mbili, iitwayo CVT, ambayo haina hatua za gia. Vifaa vya bodi ya vali tulivyovitaja havihusiki nayo, na mafuta yake ni ya aina nyingine kabisa.

Joto, matope na mfuko wa mwenye gari

Katika nchi yetu adui mkuu wa giaboksi ni joto. Masika yanapofika, udongo mweusi wa mbuga za Serengeti hunata na gari hukwama. Dereva hukanyaga mafuta kwa nguvu, magurudumu yakiwa yamegoma kabisa. Wakati huo karibu nguvu yote ya injini iingiayo katika tokikonveta hugeuka kuwa joto. Tuchukue kilowati 14 tu, na lita 8 za mafuta zenye uzito wa kilo 7. Kila kilo huhitaji takriban jouli 2,000 ili ipande nyuzi moja. Kama joto halipati pa kutokea, mafuta hupanda nyuzi 1 kila sekunde. Kukanyaga kwa sekunde 40 hutosha kuyatoa mafuta katika nyuzi 90, ambazo ni za kawaida, hadi 130. Katika joto hilo mafuta huharibika upesi na sili za mpira huwa ngumu. Kiangazi kikija, vumbi huziba mapezi ya rejeta na upoaji hudhoofika.

Mafuta yenyewe si ya kulainisha tu. Yana dawa maalumu za kuratibu msuguano wa klachi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 mojawapo ilikuwa mafuta ya nyangumi, hata Marekani ilipopiga marufuku biashara ya mnyama huyo ndipo wakemia walipolazimika kutafuta badala yake. Kwa sababu hiyo, kutia mafuta yoyote mekundu bila kutazama aina iliyoandikwa na kiwanda ni kosa kubwa.

Basi gia ikichelewa, utaratibu wa busara ni huu. Pima kimo cha mafuta, tazama rangi yake na uyanuse. Yakiwa yamepungua, pampu huvuta hewa na shinikizo huanguka. Yakinuka kuungua, klachi zimekwisha kula. Kisha kagua chujio, solenoidi na shinikizo. Mwenye gari anunuaye springi ngumu hali klachi zimeungua atapoteza fedha zake na giaboksi pia, na siku ya kumbeba mgonjwa gari litakuwa limelala. Lakini giaboksi iliyo nzima, ikifungiwa kipozeo na kurekebishwa kwa kiasi, itadumu zaidi.

Jaribio la darasani

Chukua bomba mbili mpya za sindano, moja ya mililita 20 na moja ya mililita 5, uziunganishe kwa mpira mwembamba na kuzijaza maji bila hewa. Sukuma ile ndogo, na mwenzako aizuie kubwa. Ataona nguvu ilivyoongezeka. Kisha acha povu la hewa ndani na usukume tena. Bomba la pili litachelewa kwenda, kama gia ichelewavyo mafuta yanapopungua.

Mwisho, mwalimu akate ncha za sindano mbili, nyembamba na nene. Zifunge kwa zamu kwenye bomba lililojaa maji, weka juu ya kishikio chake jiwe lile lile, na pima sekunde za bomba kwisha maji. Wanafunzi waandike muda wa kila sindano, kisha waeleze fundi afanya nini anapokipanua kitobo cha bodi ya vali, na kwa nini asikipanue kupita kiasi.