Mashine ya kuosha vyombo inavuja: kagua kwanza kabla ya kuagiza kipuri

Mnunuzi wa mashine ya mtumba ya kuosha vyombo akikuta jikoni kumejaa maji siku ya kwanza, humpigia simu aliyemuuzia. Muuzaji husema fundi bomba ameiunga vibaya, fundi husema mashine ni mbovu, na mwisho wake mashine hurudishwa uani kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mara nyingi hasara hiyo haikuwa ya lazima. Uvujaji mwingi hutokana na vitu vidogo: raba iliyokauka, kibano kilicholegea, sabuni isiyofaa, au mpira wa maji uliofungwa kwenye bomba lisilolingana nao. Hivyo vyote mwenye mashine anaweza kuvikagua mwenyewe.

Kabla ya kugusa chochote, plagi ichomolewe kwenye soketi na bomba la maji lifungwe. Sakafu ikiwa imelowa hadi kwenye soketi, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, kwa sababu kuzima kitufe cha mashine peke yake hakutoshi.

Maji yanatoka lini?

Swali muhimu kuliko yote ni wakati gani maji yanatoka. Sakafu ikaushwe, yatandikwe magazeti makavu chini na pembeni ya mashine, kisha iwashwe kwa mzunguko mfupi bila vyombo huku mtu akiwa amekaa karibu na tochi. Magazeti yakilowa dakika za mwanzo, wakati mashine inajaza maji, kosa liko kwenye mpira wa kuingizia maji au valvu yake. Yakilowa katikati, wakati maji yanarushwa ndani, aangalie mlango na mikono inayozunguka. Yakilowa wakati wa kumwaga maji machafu, mpira wa kutolea maji una ufa au kibano chake kimelegea. Na kama maji yanatoka hata mashine ikiwa imezimwa, lakini hukoma bomba likifungwa, ama valvu haifungi sawasawa au maungio ya nyuma yanavuja.

Njia hii haihitaji hata bisibisi, lakini huokoa pesa nyingi, kwani mafundi wengi huanza kwa kufungua pampu, ambayo ndiyo kazi ngumu na mara chache ndiyo yenye kosa.

Hesi za Ulaya na hesi za Marekani

Mashine zinazoingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam hazitoki nchi moja, na hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapokwama. Mpira wa maji wa mashine ya Ulaya huwa na nati ya robo tatu inchi yenye hesi 14 kwa kila inchi, sawa na mabomba mengi ya huku. Ile ya Marekani nayo huitwa robo tatu inchi, lakini hesi zake ni 11.5 kwa inchi na kipenyo chake kinazidi kidogo. Kwa macho zinafanana. Nati huingia mizunguko michache, ikakaza, na kila mtu akaridhika, mpaka maji yanapopata nguvu usiku. Dawa yake ni kiungio cha kubadilishia hesi, au mpira wa maji unaolingana na bomba la nyumbani.

Mafundi wengine huviringisha tepu nyeupe tabaka kwa tabaka. Kwa nati hii ya bapa tepu haisaidii kitu, kwa kuwa kinachozuia maji ni kiraba cha duara kilichomo ndani yake. Kikiwa kimepasuka au kimepotea njiani, kipya ni cha bei ndogo sana. Nati ikazwe kwa mkono, kisha iongezwe robo ya mzunguko kwa koleo na si zaidi, maana nati hizo aghalabu ni za plastiki.

Mashine ya Marekani ina tatizo jingine kubwa kuliko hesi: hutumia umeme wa volti 120 na mizunguko 60, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zinatumia volti 230 hadi 240 na mizunguko 50. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi mizunguko. Heri kuiacha.

Povu mlangoni

Kosa la kawaida kabisa wala si la mashine. Vidonge na unga maalumu wa mashine hizi ni ghali, na madukani si rahisi kuvipata, kwa hiyo watu hutia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. Kijiko kimoja tu kinatosha kujaza povu ndani ya mashine na kulisukuma nje kupitia chini ya mlango. Mashine izimwe, povu lichotwe, imwagiwe maji baridi na siki kidogo, kisha iamriwe kutoa maji mara mbili au tatu. Hakuna kipuri cha kununua.

Kama sabuni ni sahihi, raba ya mlango ipanguswe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Mafuta na chembe za chakula huganda sehemu ya chini, ambako jicho halifiki. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha ukoko mweupe, nao huondolewa kwa siki. Mashine iliyokaa ndani ya kontena miezi kadhaa bila maji huwa na raba zilizokauka, na baadhi hulainika zenyewe baada ya kutumika mara chache. Iliyochanika haina budi kubadilishwa. Pimamaji nayo iwekwe juu ya mashine, kwani ikiinamia mbele humwaga maji mlangoni hata kama raba ni mpya.

"Imekufa, inanguruma tu"

Chini ya mashine nyingi za Ulaya kuna trei, na ndani yake boya jepesi lililounganishwa na swichi. Maji yakijaa kwenye trei, boya hupanda, mashine hukataa kufanya kazi na pampu ya kutolea maji huendelea kunguruma bila kukoma. Kwenye mashine nyingi za Bosch na Siemens alama yake ni E15. Muuzaji asiyejua huandika "motor mbovu". Mara nyingi ni maji yaliyobaki ndani na kumwagikia kwenye trei wakati wa safari. Plagi ikiwa imechomolewa, mashine ilazwe nyuma kidogo, watu wawili wakiishika, mpaka maji yatoke, kisha trei iachwe ikauke. Alama ikirudi, uvujaji wa kweli upo na utafutwe. Kuna mafundi wanaofunga boya kwa waya ili mashine iendelee kufanya kazi. Huo ni mchezo wa hatari: maji yatazidi kukaribia umeme na hakuna kitakachoyazuia.

Maji yakitokea katikati ya mashine, kwenye shingo ya pampu, au sakafu ya chumba cha ndani ikiwa imetobolewa na kutu, kazi ipewe fundi mwenye uzoefu. Kutu iliyotoboa haizibiki kwa gundi.

Kipuri kinachovuka mpaka

Asinunue kipuri kwa kukisia sura. Namba ya modeli imeandikwa kwenye kibandiko kilichopo ukingoni mwa mlango, na ndiyo anayopaswa kupewa muuzaji wa vipuri, awe Nairobi, Kampala au Dubai.

Wafanyabiashara wadogo wanaovusha vipuri Namanga au Busia wakumbuke kuwa cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Raba iliyotengenezwa China au Ujerumani haigeuki kuwa ya Kenya kwa kununuliwa Nairobi. Risiti iwekwe, bidhaa itajwe kwa jina lake, na ushuru uulizwe kwa ofisa wa forodha kabla ya kuahidi mteja bei.