Mtu wa kawaida huingiaje katika kazi ya amani? Jibu kutoka Wajir

Usiku mmoja wa mwaka 1993, mjini Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, milio ya risasi ilisikika karibu na nyumba ya mama mmoja kijana aliyeitwa Dekha Ibrahim Abdi. Alimnyakua mtoto wake wa kwanza akajificha naye chini ya kitanda. Kulipokucha, mama yake mzazi alimkumbusha jambo. Karibu miaka 30 kabla, wakati wa vita vya Shifta, yeye pia alijificha chini ya kitanda akiwa amemkumbatia mtoto. Mtoto huyo alikuwa Dekha.

Kisa hicho Dekha alikisimulia baadaye kila alipoulizwa alianzaje kazi ya amani. Hakuwa balozi, wala mbunge, wala mzee wa ukoo. Alikuwa mama aliyechoka kuona watoto wakirithi vita pamoja na majina ya babu zao.

Wengi wetu hudhani amani huletwa na wakubwa: viongozi wakisaini karatasi, au wanajeshi wakitumwa. Makala hii inaeleza jinsi watu wa kawaida walivyoingia katika kazi hiyo katika eneo moja, Wajir, kwa milango mitatu: mlango wa amani, mlango wa tiba na mlango wa haki. Inaeleza pia gharama waliyolipa.

Wajir ya miaka ile

Wajir ni nchi kavu ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wakazi wengi ni Wasomali wa koo za Degodia, Ajuran na Ogaden. Ugomvi wa malisho na visima ni wa miaka mingi, na wazee walikuwa na njia zao za kuumaliza, ikiwemo kulipa diya kwa damu iliyomwagika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo kadhaa yalikutana. Ukame mkali uliua mifugo mingi. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991, na bunduki pamoja na wakimbizi vikavuka mpaka. Siasa za vyama vingi zilirudi Kenya, na uchaguzi wa 1992 ukazidisha ushindani wa koo. Mwizi wa mifugo aliyekuwa na fimbo na mkuki sasa alikuwa na bunduki. Kisa cha ngamia mmoja kiliweza kuzaa mazishi ya watu wengi.

Mlango wa kwanza: soko

Wanawake wachache wa koo tofauti walikutana harusini wakaanza kuzungumza. Hawakuanza na mpango wa kumaliza vita vyote. Walianza na jambo lililowagusa kila asubuhi: soko. Mwanamke wa ukoo mmoja alikuwa haruhusiwi kuuza, au hauziwi, au anapigwa, kwa sababu tu ya ukoo wake. Bila soko, watoto wa kila ukoo hulala njaa.

Wakakubaliana kwamba soko litakuwa mahali salama kwa mwanamke yeyote wa ukoo wowote. Wakaweka waangalizi wao kila siku. Ugomvi ukizuka, kamati ndogo ya wanawake ilikwenda hapo hapo kuutuliza kabla habari haijafika majumbani na kugeuka kuwa habari ya kisasi. Taratibu soko likatulia.

Lakini soko tulivu halitoshi ikiwa vijana bado wanauana malishoni. Wanawake wakawafuata wazee. Hapa walitumia busara: walianza na wazee wa ukoo mdogo, usiokuwa na upande katika vita vikubwa, ili mwito wa kukutana usionekane kuwa hila ya upande mmoja. Mazungumzo ya wazee yalizaa makubaliano ya mwaka 1993 yanayojulikana kama Azimio la Al Fatah, lililoweka kanuni za kurudisha mifugo iliyoibwa na kulipia mauaji.

Baada ya wazee, ikawa zamu ya vijana waliobeba bunduki. Vijana wakauliza swali la haki: tukiacha bunduki, tutakula nini? Wanakikundi wakalazimika kuwaendea wafanyabiashara wazungumze kuhusu kazi. Waliwaendea pia maofisa wa serikali na wabunge, ili mikutano yao isidhaniwe kuwa ya uchochezi. Mwaka 1995 kazi hiyo iliingizwa katika mfumo wa utawala wa wilaya kwa jina la Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Wazee, wanawake, vijana, viongozi wa dini na maofisa wa usalama walikaa meza moja. Mfano huo ulienea, na leo kamati za amani zinajulikana katika sehemu nyingi za Kenya.

Swali gumu kabla ya kuanza

Wanawake wale waliulizana swali moja mapema. Kwa maneno yetu lilikuwa hivi: ikitokea watu wa ukoo wangu wakawaua ndugu zako, je, wewe na mimi bado tutaweza kukaa pamoja na kuendelea na kazi hii?

Swali hili ni zito kuliko hotuba nyingi za amani. Siku za utulivu kila mtu anapenda amani. Mtihani huja siku msiba unapoingia nyumbani kwako. Wakati huo jamaa zako wanakutaka useme lugha moja nao, na ukikaa na "adui" wanakuona msaliti. Kujiuliza mapema ni kama kuchimba msingi kabla ya mvua.

Dekha, aliyekuwa Mwislamu mwenye kushika dini, aliamini kwamba kazi huanzia kwenye nafsi. Mpatanishi lazima ajue hasira yake, upendeleo wake na kiburi chake, maana watu wataviona hata kama yeye havioni. Na mtu wa kwanza wa kumkanya ni jamaa yake mwenyewe. Kukemea ukoo wa jirani ni rahisi. Kumwambia kaka yako kwamba ng'ombe aliowaleta si wake ndipo penye kazi.

Mlango wa pili: tiba

Miaka mingi kabla ya kamati ya amani, mtu mwingine alifika Wajir kwa njia tofauti kabisa. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1943, alikuwa amesomea sheria. Alikuja Kenya mwaka 1969 na kufanya kazi ya ualimu. Huko Wajir alikutana na wagonjwa wa kifua kikuu waliotengwa na watu, nao ugonjwa huo ukawa kazi ya maisha yake.

Tatizo la mfugaji mwenye kifua kikuu lilikuwa hili: dawa humezwa kwa miezi mingi, lakini mfugaji huhama kufuata malisho. Akipata nafuu anaacha dawa, na ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Annalena hakuwalazimisha wagonjwa waishi kama watu wa mjini. Waliweza kujenga vibanda vyao wenyewe karibu na kituo, kama wanavyojenga manyatta, wakala chakula walichokizoea, wakameza dawa mbele ya mhudumu hadi wapone. Njia hiyo ya kuwahudumia watu kwa kufuata maisha yao ilileta matokeo mazuri, na ikatazamwa kama mfano na wataalamu wa afya wa nchi nyingine.

Kwa hiyo tiba nayo ni njia ya amani. Mtu aliyetengwa akirudishwa katika jamii, ufa mmoja umezibwa.

Mlango wa tatu: haki

Mwezi Februari 1984, katika operesheni ya kuwanyang'anya watu silaha, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walishikiliwa kwa siku kadhaa juani, bila chakula wala maji. Wengi walikufa kwa kiu na mateso, wengine kwa risasi. Serikali ilitaja idadi ya waliokufa kuwa 57. Manusura wamesema siku zote kwamba waliokufa ni wengi mno kuliko hao.

Annalena alikuwa miongoni mwa waliotoka na magari kuokota majeruhi na kuzika maiti, na taarifa alizozikusanya zilisaidia ulimwengu kujua yaliyotokea. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya, akaendelea kuwatibu watu Somalia.

Waliobaki ni manusura na wajane. Hao hawakuchagua uharakati, uliwakuta. Kwa miaka mingi habari ya Wagalla haikusemwa hadharani, na mtu asiyeweza kutaja msiba wake hawezi kuupumzisha. Wao waliendelea kukumbuka, kutaja majina na kudai ukweli. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza ushahidi huko Wajir, na ripoti yake ya mwaka 2013 ikayaweka mauaji ya Wagalla katika kumbukumbu rasmi za nchi. Swali la fidia limeendelea kuulizwa.

Hapa tunaona kwa nini milango hii mitatu inaingia katika nyumba moja. Wazee wanaweza kupatanisha koo, lakini jeraha lisilotibiwa hutoneshwa upesi. Na mtu aliyeonewa akiambiwa "sahau" kabla hajasikilizwa, atanyamaza, lakini hatakuwa amesamehe.

Gharama yake

Si haki kueleza njia hii bila kutaja bei yake. Annalena Tonelli alipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali aliyoianzisha mjini Borama, kaskazini mwa Somalia.

Dekha alialikwa kufundisha upatanishi katika nchi nyingi, na mwaka 2007 akapata Tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa nchini Sweden. Wiki chache baadaye Kenya yenyewe ikawaka moto baada ya uchaguzi, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Yeye na wenzake, akiwemo Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, waliunda kundi la raia wenye kujali amani. Walikutana Nairobi kila siku kupanga la kufanya, ikiwemo kutumia simu kupata habari za mahali palipokuwa na hatari. Dekha alifariki Julai 2011 kwa majeraha ya ajali ya gari.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika habari: usingizi unaopotea, ndugu wanaokununia, biashara inayolala kwa sababu uko kikaoni. Anayesikiliza misiba ya wengine kila siku naye huumia moyoni. Ndiyo sababu wanawake wa Wajir walifanya kazi kwa kikundi. Mmoja akichoka, mwingine anashika.

Kama na wewe unataka kuanza

Labda kwenu ugomvi ni wa wakulima na wafugaji, au mpaka wa shamba, au msiba wa zamani usiotajwa. Kutoka Wajir tunaweza kuchukua mambo manne.

Kwanza, chagua jambo dogo linalomgusa kila upande. Soko, kisima, njia ya kwenda shule au zahanati. Pande mbili zinazochukiana bado zinahitaji maji.

Pili, tafuta mwenzako wa upande wa pili kabla hujafanya lolote. Kikundi cha amani cha upande mmoja kinaonekana kama jeshi lingine. Kisha mulizane swali lile gumu.

Tatu, wahini mapema. Ukipokea ujumbe wa simu kwamba "wamemuua mtu wetu", usiutume mbele. Mpigie kwanza mtu unayemwamini aliye pale, kisha mjulishe mzee, chifu au kamati ya amani. Uvumi unaweza kuchoma kijiji kabla ukweli haujavaa viatu. Mkiona hatari ya silaha, watoeni watoto na wazee kwanza na muwaite wenye dhamana. Kazi yenu si kusimama mbele ya risasi.

Nne, msiwafungie nje waliokosa. Vijana wale wenye bunduki waliacha kwa sababu kuna mtu aliyewauliza wanahitaji nini, akasubiri jibu.

Turudi chini ya kile kitanda cha Wajir. Mama na bibi walikuwa na kisa kimoja, vizazi viwili tofauti. Dekha hakuweza kuizuia bunduki ya usiku ule. Alichoweza ni kutoka asubuhi na kumtafuta mwanamke wa ukoo mwingine aliyekuwa amelala chini ya kitanda chake usiku huo huo, kwa hofu ile ile. Yupo mtu kama huyo upande wa pili wa kijiji chenu. Huenda namba yake tayari iko katika simu yako.