Mama mkwe wa kwenye luninga alipoteremka Makambako

Kwa nini mwanamke aliyelipa kiingilio, akavaa kitenge kipya na kupanga foleni bila kunung'unika, akifika kando ya mwigizaji anayempenda asimame kama aliyeambiwa ukuta una rangi mbichi? Swali si langu. Ni la mpiga picha mmoja wa Njombe mjini ambaye riziki yake ya Jumamosi ile ilitegemea jibu, na tangu anitupie sijapata pa kulitua.

Ukumbi ulikuwa wa nyumba ya wageni, jirani na stendi ya Makambako: viti vya plastiki, spika mbili zinazokwaruza, na ule upepo wa Makambako unaoingia hata pasipo na dirisha. Mgeni alikuwa mama wa makamo anayejulikana kwa kazi moja, kutesa wakamwana kwenye tamthilia. Jina lake nimeliacha, maana alikuja kusalimia watu, hakuja kuhojiwa. Waandaaji, vijana wawili wauza vifaa vya simu, walimdaka akiwa safarini kwenda Songea. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa gari hupita hapa, wa Njombe na Songea hukunja kona hapa hapa, na reli ya TAZARA nayo inakatiza. Wanaopita ni wengi, wanaoteremka wanahesabika. Desemba 2021 tuzo za filamu za Tanzania zilifanyika Mbeya, si mbali sana na hapa, lakini kwenye tuzo staa unamwona jukwaani. Mkono humpi.

Mpiga picha alishuka na Coaster asubuhi, kilomita 60 hivi, akiwa na kamera, taa, printa ndogo ya kusafishia picha papo hapo na betri ya gari, kwa sababu umeme hauamini. Simu, anasema, zimemnyang'anya harusi na mahafali. Mastaa bado. Picha ya staa watu wanaitaka kwenye karatasi, itundikwe sebuleni, mgeni aione kabla chai haijaja. Simu inaibwa, inajaa, inatumbukia kwenye ndoo.

Yeye hatazami nyuso. Uso kila mtu anajua kuupanga. Anatazama mikono. Wazee, anasema, hutoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, wanatamka salamu ya kamwene kwa sauti ya chini, kisha mikono inarudi ndani ya koti na haitoki tena. Vijana wa kiume wanatoa dole gumba, maana mkono lazima upewe kazi. Wasichana wanabana pochi tumboni kwa mikono yote miwili. Watoto peke yao ndio wanaoshika gauni la mgeni bila kuomba. Na wanawake wenye ndoa zao, ambao ndio walioijaza foleni ile, wanaacha nafasi. Nafasi hiyo ameipa jina: mlango. Alinionyesha picha moja baada ya nyingine kwenye kioo cha kamera, akipitisha ukucha wa kidole kidogo kati ya mabega mawili. Huu mlango. Huu mlango. Huyu ameacha na dirisha. Nyuma yao lilitundikwa pazia la zambarau, na katika kila picha mstari wa zambarau ulisimama wima kati ya shabiki na mama mkwe, toka begani mpaka kiunoni.

Kibiashara mlango ni hasara. Mteja aliyeuacha mwenyewe ndiye huikataa picha ikishatoka, akilalamika kwamba hawaonekani kama wanajuana. Na kumwambia mtu aweke mkono begani hakusaidii: mkono unapanda, unasita, kisha unakaa hewani nyuma ya bega bila kugusa, na kamera inauona. Kinachosaidia ni kuwashikisha kitu kimoja. Alikuwa na kipeperushi cha tamthilia alichokibandika juu ya ubao. Mmoja akishika huku na mwingine kule, mabega yanakutana yenyewe bila kuambiwa. Mama mgeni akaielewa mbinu mara moja, kisha akaipita. Akawa anaudaka mkono wa mteja na kuuweka anapotaka yeye, huku akiendelea kuangalia kamera. Mpiga picha alisema huyu ni fundi mwenzake, na sijamsikia akimsifu mtu mwingine.

Maelezo yake ni kwamba hawamwogopi mama huyu, wanamwogopa mama mkwe. Aliwahi kumpiga picha mchekeshaji Njombe, umati wa namna ile ile, na hakupata mlango hata mmoja. Watu walimrukia mwilini.

Nisingembishia, maana mhusika humfunika mwigizaji. Mchekeshaji Amri Athuman alipofariki Agosti 2018, nchi ilimzika King Majuto. Mwigizaji Grace Mapunda alipofariki Novemba 2024, ilibidi habari zimtaje na Tesa, wa tamthilia ya Huba, ndipo kila mtu ajue ni nani aliyeondoka. Lakini Steven Kanumba alijulikana kwa jina la ukoo wake mwenyewe, na wale waliozimia alipoagwa viwanja vya Leaders Aprili 2012 walikuwa wakimlilia nani, mtu au filamu zake? Na umbali wenyewe si kila mahali huachiwa shabiki: San Diego, Marekani, mashabiki wamekuwa wakikongamana tangu 1970, na kwenye makongamano ya aina ile sahihi ya staa ina bei yake na picha ina bei yake. Kule umbali hupangwa na waandaaji. Hapa kila mtu anakuja na wake.

Katikati ya foleni alifika bibi mmoja aliyekataa kabisa kupigwa picha. Alikuwa na shauri. Alimweleza mgeni, ukumbi mzima ukisikia, kwamba yule binti anayemfukuza jikoni kwenye tamthilia ana mimba na hana kwao. Nilidhani mwigizaji atacheka. Hakucheka. Aliinama, akamshika bibi mikono, akaomba msamaha na kuahidi kumrudishia mkamwana nyumba yake. Bibi akaridhika, akaenda kukaa. Vipindi vilikwisha kurekodiwa. Mwigizaji mwenyewe alitunong'oneza baadaye kwamba binti hapati nyumba. Basi alimdanganya bibi wa watu, au alifanya kazi aliyolipiwa kiingilio? Mpiga picha anasema ni adabu tu, mtu mzima huwezi kumwambia habari za script. Mimi bado sijui, ila niliona kwamba kati ya wale wawili hakukuwa na mlango.

Jioni ukazuka mzozo. Waandaaji walitaka picha zote ziingizwe kwenye flashi yao, wazitumie kwenye mabango ya mgeni atakayefuata. Mpiga picha akataka alipwe. Wakamjibu kwamba ukumbi waliukodi wao. Akawajibu kwamba sheria ya hakimiliki ya 1999 inamtambua aliyebonyeza. Mmoja akauliza, kwa haki kabisa, mbona mwenye sura hajaulizwa, maana yeye alipewa nauli na chakula na sasa anasubiri gari. Wote watatu wakageuka kumtazama. Mama mkwe akavua miwani, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akauliza picha ni ngapi na kila moja imeuzwa kiasi gani.