Meza ya mbao za jahazi: soma matundu kabla hujalipa

Ni meza ya kulia ya watu wanane. Imewekwa katikati ya duka la samani za kifahari Masaki, Dar es Salaam, baina ya makochi ya ngozi na taa za kuning'inia, na bei yake ni ya mamilioni. Mfanyakazi wa duka huieleza kwa ufupi: mbao za jahazi. Wateja hupitisha kiganja juu ya mabaka ya rangi ya buluu na kijani iliyochubuka, hupiga picha, na wenye uwezo huinunua.

Mimi nilinaswa na matundu yake. Ubao mmoja una matundu meusi ya misumari, mawili mawili, yaliyojipanga kwa mistari inayoukata ubao kwa upana, na nafasi baina ya mstari na mstari inakaribia kulingana. Ubao unaofuata, kwenye meza hiyo hiyo, matundu yake yametawanyika ovyo. Niliuliza sababu. Dukani hakuna aliyeijua.

Aliyeijua nilimkuta Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambako vyombo vya mbao vingali vinaundwa ufukweni. Ni mzee, fundi wa vyombo tangu ujanani, na ameomba jina lake lisiandikwe. Nilimpa simu aitazame picha ya meza. Rangi hakuishughulikia. Aliikuza picha mpaka matundu yakajaa kioo.

"Huu umekaa chomboni," alisema, kidole kikiwa kwenye ubao wa kwanza. "Huu mwengine, mwanangu, bahari haujaiona."

Ubao wa ubavuni, alinieleza, hupigiliwa kwenye mataruma, zile mbavu zinazopanda kutoka kwenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Kila ubao unapokutana na taruma, fundi hupiga msumari juu na msumari chini. Chombo kikija kuvunjwa baada ya miaka, mataruma huenda zao lakini alama zake hubaki ubaoni: kila mstari wa matundu ni taruma lililowahi kukaa pale. Kwa mistari hiyo fundi anaweza kusema mbavu zilipishana kwa shubiri ngapi, na akakisia ukubwa wa chombo chenyewe. Anayetaka kudanganya hupiga misumari mahali popote mkono unapoangukia, kisha akaing'oa.

Halafu kuna ule weusi. Chuma kikikaa kwenye mti uliolowa maji ya chumvi, kutu huingia ndani ya nyuzi za mti na kuutia rangi ambayo randa haiimalizi. "Chukua sindano, chokonoa tundu," alisema mzee. "Likiwa jeupe ndani, limetobolewa juzi."

Ukingo wa ubao nao una habari zake. Baina ya ubao na ubao hutiwa kalafati, yaani pamba iliyoloweshwa mafuta na kushindiliwa kwa nyundo na patasi butu mpaka maji yakose njia. Mzee aliniokotea kipande cha ubao mchangani akanionyesha nyuzi zilizoganda ukingoni, ngumu, nyeusi. Akaniambia ninuse. Ilikuwa harufu ya sifa, mafuta ya papa yanayopakwa sehemu ya juu ya chombo; sehemu inayokaa majini hupakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, ili kuwazuia wadudu wa baharini wasizitoboe mbao. Nilirudia kukinusa kipande kile tena na tena. Meza ya Masaki hainuki chochote. Imepakwa vanishi ngumu inayong'aa, na chini yake harufu yote imezibwa.

Kutoka ufukweni hadi dukani kazi ni nzito kuliko mnunuzi anavyodhani. Misumari hung'olewa mmoja mmoja. Iliyokatikia ndani hutafutwa kwa sumaku, kwani mmoja tu ukisahaulika meno ya msumeno yamekwisha. Chumvi nayo huvuta unyevu, kwa hiyo mbao huoshwa kwa maji baridi na kuachwa zipumzike kivulini kabla hazijaguswa na gundi. Mvule na msaji huvumilia yote haya. Mataruma, ambayo fundi huyatafuta msituni yakiwa yamejipinda yenyewe, hayafai kwa meza. Huishia kuwa miguu ya viti na vishikio vya taa.

Nilimuuliza kama anawalaumu mafundi wanaotoboa mbao mpya na kuzichubua ili zionekane kuukuu. Alikaa kimya kwanza. "Nao wana watoto," alisema. "Wameambiwa watu wanataka kitu cha zamani, na cha zamani kinakwisha."

Linalomuuma ni jingine. Zamani chombo kilichochoka kilivutwa pwani kikatengenezwa: ubao uliooza ukatolewa, mpya ukatiwa, na safari ikaendelea kwa kaskazi na kusi nyingine. Sasa mnunuzi wa mbao huja na fedha taslimu wakati mwenye chombo bado anafikiria gharama ya matengenezo. Je, vipo vyombo vinavyovunjwa kabla ya wakati wake kwa sababu meza inalipa kuliko samaki? Nilimuuliza hivyo hivyo. Alinionyesha fremu moja iliyosimama ufukweni, mataruma tupu yasiyo na mbao, akasema mwenye chombo amekwama kwa fedha. Zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Kila chombo kina jina. Wapo watu waliolala juu ya mbao hizo, wakafua maji yaliyoingia chomboni, wakaomba dua mawimbi yalipopanda. Dukani, kibandiko cha meza kina jina la mbunifu na vipimo vya urefu na upana. Hili silikubali. Thamani ya meza ile imetengenezwa na fundi aliyepiga misumari na mabaharia waliokiendesha chombo, na anayeiuza kwa sababu ya uzee wake ana wajibu wa kusema ilikuwa chombo gani, cha kijiji gani.

Basi wewe mwenye uwezo wa kuinunua, usiishie kwenye rangi. Inama, tazama upande wa chini ambao vanishi haikufika, fuata mistari ya matundu, kisha uliza jina la chombo. Muuzaji asipolijua, mwambie alitafute kwanza, ndipo ulipe.