Pua ya Mbwa

Mtazame mbwa wako alfajiri. Ananusa chini, anazunguka, kisha anashika njia moja. Anatafuta habari za usiku. Fisi alipita hapa. Mgeni alisimama pale. Wewe huoni kitu, yeye anajua.

Mbwa ananusa kuliko binadamu mara nyingi sana. Huko Ulaya watu walichagua mbwa wenye pua kali, wakawazalisha kwa miaka mingi. Mmoja ni bladihaundi. Masikio yake ni marefu, yananing'inia, na ngozi ya uso imelegea. Anaweza kufuata nyayo za mtu aliyepita jana. Lakini usimdharau mbwa wa kienyeji wa hapa Kalangalala. Pua anayo.

Harufu hukaa vizuri penye umande. Jua kali huimaliza upesi. Tena mbwa anayehema kwa joto hupumua kwa mdomo, hanusi sawasawa. Basi kama mbuzi amepotea, toka na mbwa mapema, na umpe maji kwanza.

Maji hayo yawe safi. Hapa Geita wengi huchenjua dhahabu kwa zebaki, na zebaki ni sumu. Usimwache mbwa anywe kwenye mashimo ya kuchenjulia. Mtoe kupe, hasa masikioni. Jicho likifanya ukungu mweupe, mwone bwana mifugo. Huenda ni nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Lakini hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Pua humpeleka mbwa mbali, akakutana na mbweha au mbwa mgonjwa, akaumwa. Ugonjwa huu umo katika mate. Mbwa mpole huwa mkali, au mbwa mkali huwa mpole ghafla. Hutokwa na udenda, hushindwa kumeza. Usimtie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa!

Mpeleke mbwa wako achanjwe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake majani wala pilipili. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano za chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Msingoje dalili. Zikishaanza, mgonjwa haponi. Mwelezeni daktari mbwa ni wa nani, yuko wapi, na kama alichanjwa.