Namna ya Kumshawishi Anayebisha

Wanangu, kabla hamjashika kalamu kuandika insha ya kushawishi, twendeni kwanza London ya mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kiliingia Soho. Mtu alilala mzima, na kabla jua la siku ya pili halijatua alikuwa ameishiwa maji mwilini na kukata roho. Ndani ya siku kumi walikufa watu zaidi ya 500, katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu kwa dakika chache tu.

Hapo karibu aliishi daktari mmoja, John Snow. Yeye aliamini kwamba kipindupindu humwingia mtu kwa maji yaliyochanganyika na kinyesi. Leo hata mtoto wa shule ya msingi analijua hilo, lakini zama zile wakubwa wa tiba na wa serikali waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa yenye uvundo, na London ilinuka kweli. Snow alishachapisha kijitabu kuhusu maji tangu 1849, wengi wakakisoma na kubaki na imani yao. Kazi iliyomkabili Soho ndiyo inayowakabili ninyi darasani: kumgeuza mtu ambaye tayari anaamini kinyume chako.

Tuipange kazi yake kwenye karatasi, kama mwanafunzi anavyopanga dondoo za insha. Juu kabisa unaandika msimamo wako kwa sentensi moja, na iwe sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia. Ukiandika "Kipindupindu ni ugonjwa hatari", nani atabisha? Lakini andika "Kipindupindu cha Soho kinatoka kwenye maji ya pampu ya Broad Street", na papo hapo msomaji atakuuliza umejuaje. Swali hilo mlipende, maana insha nzima inaishi humo.

Chini ya msimamo zinafuata hoja, na chini ya kila hoja ushahidi wake. Hapa ndipo wengi huteleza. Hoja zinakuwa tano, na ukitazama chini ya kila moja unakuta hoja ileile imerudiwa kwa maneno mengine. Snow aliomba orodha ya vifo kwa msajili, kisha akaenda nyumba hadi nyumba akiuliza marehemu alikunywa maji ya wapi. Vifo alivyovichunguza vilikuwa 83. Karibu vyote vilikuwa jirani na pampu ya Broad Street. Kumi tu vilitokea kwenye nyumba zilizo karibu zaidi na pampu nyingine.

Mwandishi mvivu angewaacha hao kumi nje. Snow aliwafuata. Familia tano zilimwambia kwamba siku zote hutuma mtu kuchota Broad Street kwa sababu wanayapenda maji yake. Wengine watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu hiyo. Jambo linaloonekana kukupinga, likichunguzwa, huweza kugeuka shahidi wako bora. Basi liwekeeni mstari wake kwenye dondoo.

Sasa mpeni nafasi mpinzani wenu. Atasema: "Waliokunywa maji yale waliivuta pia hewa ileile." Hoja nzuri! Iandikeni kwa haki, kama yeye mwenyewe angeiandika, kisha mtafute ushahidi unaotenganisha maji na hewa. Snow aliupata. Katika mtaa wa Poland Street kulikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535. Majirani walikuwa wakifa pande zote, lakini humo walikufa watano tu, kwani nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Kwenye kiwanda cha bia cha Broad Street kwenyewe, wafanyakazi zaidi ya 70 walivuta uvundo uleule na hakufa hata mmoja. Walikunywa bia, na kiwanda nacho kilikuwa na kisima chake.

Tena kulikuwa na mama mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na Soho, ila aliyapenda mno maji ya Broad Street hata akawa analetewa chupa kwa mkokoteni. Alikunywa, akafa. Binti wa ndugu yake aliyemtembelea alikunywa pia, akarudi kwake Islington, akafa. Huko walikoishi wawili hao hapakuwa na kipindupindu wakati huo. Hewa ya Soho iliwafikiaje?

Ushahidi kama huu uwekeni mwisho, karibu na ombi lenu. Na ombi liwe dogo, kwa mtu mwenye uwezo wa kulitimiza. Jioni ya Septemba 7 Snow alikutana na wajumbe wa parokia, na kesho yake mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye aliandika bila kuficha kwamba vifo vilikuwa vimeanza kupungua hata kabla ya hapo, kwa kuwa watu wengi walishakimbia. Mstari huo nao una haki ya kukaa kwenye dondoo zenu.

Lakini mpango wa Snow ulikuwa na pengo: uchafu uliingiaje kwenye kisima cha pampu hiyo? Pengo hilo lilizibwa na kasisi wa hapo, Henry Whitehead, aliyeanza uchunguzi wake akitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea. Aligundua kwamba katika nyumba namba 40 ya Broad Street mtoto mchanga alianza kuharisha kabla ya mlipuko. Mama yake alimwaga maji ya nepi kwenye shimo la choo lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na kuta zake zilikuwa zimebomoka.

Nanyi mkikosa ushahidi mahali fulani, msiandike hoja nyingine ya kufunika. Andikeni swali palepale, na kando yake mtu mtakayekwenda kumuuliza.